Kiwanja Kisicho na Udongo

Kaka mpendwa,

Kwa heshima na taadhima nakutangazia kwamba mdogo wetu wa mwisho amepaka geti lake rangi ya buluu. Usilitafute mtaani. Liko ndani ya kompyuta, kwenye mji wa kidijitali alikonunua kiwanja, na hati yake iko kwenye blokcheni, yaani daftari la mtandaoni, ambalo anasema halighushiki. Sawa, lakini hata udongo haupo!

Sasa anataka na kiwanja cha jirani hukohuko ajenge maduka, kwa hiyo anamshawishi Mama auze nyumba tulimozaliwa. Nilipofoka akaniambia, "Dada, umepitwa na wakati. Wapangaji wangu hata hawalali." Hawalali kwa kuwa si watu, Kaka. Ni vibonzo vya akili mnemba. Nikamwambia, "Basi Mama akahamie kwao, wamwonyeshe choo kilipo."

Kinachoniudhi zaidi ni mlinzi wa hilo geti. Mdogo wetu amemweka kwenye simu ya Mama, na kila asubuhi kibonzo hicho humwamkia, humuuliza goti limeamkaje, kisha humsikiliza akisimulia hadithi yake ya kisima mpaka mwisho. Hadithi ile ile! Nani ana muda? Nikamwonya, "Mama, huyo si mtu." Akanijibu, "Najua, mwanangu. Wewe ndiye mtu. Goti langu umeliuliza lini?"

Nilianza barua hii nikuombe umpigie Mama umkataze kuuza. Nikiwa hapa katikati, mnunuzi amekuja, na Mama amesaini.

Ni mimi, mdogo wako.