Punje Moja ya Soya kwa Baba

Japani,
mwezi wa pili, baridi haijaondoka.

Baba yangu,

Mwangaluka, Baba. Shikamoo. Najua barua hii unasomewa na mdogo wangu Minza, kwa hiyo naye nampa salamu zake hapa hapa mlangoni asije akanuna: mwalimu, hujambo na chaki zako? Soma taratibu, na ukifika mahali pagumu usiruke. Nakujua.

Mimi ni mzima. Mwezi wa kumi na mbili kifua kilinisumbua, wakanipa dawa ya unga yenye ladha ya majani, kikaacha. Magoti yako yanasemaje? Na macho ya mama, Mayu wetu? Je, mvua imenyesha ya kutosha, pamba imeshapaliliwa? Naulizia mengi, ingawa najua hutanijibu. Huu ni msimu wa tatu tangu niondoke nyumbani, na barua zangu zote zimejibiwa na Minza kwa kalamu yake na mawazo yake. Kuhusu wewe huwa anaandika maneno mawili tu: "Baba amesikia." Sababu ya kimya hicho tunaijua wote, nami nitaifikia. Kwanza nikupe habari za huku.

Mafunzo yanaendelea. Kiwanda cha kuchambulia pamba cha Maswa kilinileta nijifunze kutengeneza mashine, na mashine nimezielewa kuliko nilivyowaelewa watu. Minza ameniandikia kwamba huko wanunuzi binafsi wa pamba wanazidi kuongezeka, kila mmoja na mizani yake, na chama cha ushirika kimebaki kutazama. Nikirudi mwezi wa tano sijui kama nitakikuta kiwanda kina mwenyewe yule yule. Hilo halininyimi usingizi. Nati ni nati, awe nayo nani.

Fundi wetu mkuu hapa ni mzee Okuda. Ni wa rika lako, labda anakuzidi kidogo, mfupi, ana vidole vinene na hapendi maneno. Wiki iliyopita mafunzo yalisimama siku nne, akaniambia nifuatane naye nyumbani kwake kaskazini, milimani, nikaone majira ya baridi yenyewe. Nilidhani baridi nilishaiona. Tulipanda treni asubuhi, tukapita kwenye shimo refu ndani ya mlima, na tulipotokea upande wa pili nchi yote ilikuwa nyeupe. Theluji ilifika kwenye madirisha ya nyumba. Watu walikuwa juu ya mapaa wakiichota kwa koleo, wanaitupa chini, na nyingine inawaangukia hapo hapo. Kazi hiyo haina mwisho, lakini niliwaona wakicheka.

Siku ya kwanza alinipeleka kuvua. Ziwa lilikuwa limeganda, na watu walikuwa wamekaa juu yake kwenye vigoda, kila mmoja mbele ya tundu dogo alilolitoboa. Nilisimama ukingoni muda mrefu. Mzee Okuda alitembea mpaka katikati, akaruka mara mbili kunionyesha, akarudi akanishika mkono kama mtu anayevusha ndama mtoni. Tulikaa mpaka mchana tukapata samaki ishirini na kitu, wadogo kama dagaa. Wanapakwa unga, wanakaangwa pale pale kwenye jiko dogo, wanaliwa na vichwa vyao. Shangazi wa Nyashimo angecheka sana, maana samaki kama hao yeye anawapima kwa sado. Lakini walikuwa watamu, na jua lilikuwa linawaka juu ya barafu, na kwa mara ya kwanza tangu nifike nilikaa mahali bila kuwaza saa.

Siku ya pili nilipata taabu. Huku wana mabwawa ya maji ya moto yanayotoka ardhini, nayo yako nje, kati ya mawe, theluji imeyazunguka. Wanaume wanaingia uchi, wazee kwa vijana. Baba, nilibaki nimeshika taulo. Mzee wa rika lako alikuwa mbele yangu hana hata uzi, ananiita niingie. Kukataa ni kumtukana, kuingia ni kumtazama. Niliingia kinyumenyume, nikampa mgongo, nikakaa naangalia mlima mpaka tukamaliza. Maji yale ni mazuri, yanaingia mpaka kwenye mifupa, na magoti yako yangeyapenda. Mzee alidhani mlima umenipendeza mno. Kesho yake asubuhi akanipeleka kuutazama kwa karibu, saa mbili za kutembea kwenye theluji, nami nikamfuata nyuma.

Tulipokuwa tunarudi tulipita uwanja wa magari ya kuuza, yaliyotumika. Yalikuwa mengi, na mojawapo ilikuwa pikapu nyeupe, ile ile ya aina niliyoitaka. Theluji ilikuwa imejaa nyuma. Nilisimama nikaitazama, mzee akanisubiri.

Minza, hapa usiruke.

Baba, unakumbuka nilivyokuwa nasema. Wanunuzi wapya wa pamba wanatafuta magari, tuuze ng'ombe sita, tupate pikapu, tubebe pamba ya watu hadi Maswa. Ulisema, "Ng'ombe anazaa. Hilo gari lako linazaa nini?" Nikasema unatufunga kamba pamoja na ndama. Ukasema, "Mifugo bado ni yangu, ng'wanawane, mwanangu." Nilikuwa na ile fimbo ya kuchungia uliyonichongea mwenyewe nilipoanza kufuata ng'ombe. Nikaitupa miguuni pako, nikasema, "Basi chunga mwenyewe." Ilidunda, ikakupata kwenye ugoko. Uliitazama fimbo, ukanitazama mimi, ukageuka ukaenda kufungua zizi. Jua lilipozama nilikuwa Maswa.

Kila mtu kwetu anajua maana ya kijana kumtupia baba yake fimbo: ni kumkana. Nami nilijua wakati naitupa. Sitasema hasira zilinipanda nikawa sioni, maana niliona vizuri kabisa.

Jioni ile, nyumbani kwa mzee Okuda, ilikuwa sikukuu yao ya kuaga baridi. Tulikaa kwenye meza fupi iliyofunikwa blanketi, chini yake kuna moto wa umeme, miguu inapata joto na mgongo unaganda. Walikuwepo mke wake, wajukuu wawili wa kike, na mama yao, binti wa mzee, ambaye anajua Kiingereza na ndiye aliyekuwa anatutafsiria. Wakagawa visanduku vya mbao vyenye soya iliyokaangwa. Nikadhani ni ya kutafuna kabla ya chakula. Mara mzee akatoka, akarudi amevaa sura ya zimwi, nyekundu, ina pembe, ananguruma. Wajukuu wakaanza kumrushia soya wakipiga kelele, "Zimwi nje! Heri ndani!" Binti yake naye akarusha. Hata mke wake, Baba, akarusha, tena kwa nguvu. Ndiyo desturi yao: baba wa nyumba anavaa ubaya wa mwaka mzima, wanampiga, wanamtoa nje, mwaka unaanza upya.

Wakanigeukia mimi, "Rusha, rusha!" Nilichota soya kiganjani. Mkono ukakataa. Mzee alisimama mbele yangu akinguruma, akingoja, mimi naiona fimbo inadunda. Nikaweka kisanduku chini nikainamisha kichwa.

Mzee akavua ile sura akaniuliza kama naumwa. Nikasema hapana, kwetu baba hatupiwi kitu.

"Hata kwa mchezo?"

"Mimi nilishatupa mara moja," nikasema, "na haukuwa mchezo."

Binti akatafsiri. Nikawaeleza yote, ng'ombe, pikapu, fimbo, ugoko. Baba, sijawahi kumweleza mtu habari hiyo, hata mafundi wenzangu wa Maswa, nami niliieleza mbele ya watoto, katika nyumba ya watu nisiowazoea. Naona aibu kukuandikia hivyo, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Mzee akasema, "Mwaka jana huyu binti yangu alinipiga jichoni. Tulikula, yakaisha." Akanyoosha mkono, akanipa ile sura ya zimwi.

Nikaivaa. Mzee ndiye aliyerusha wa kwanza, na ana shabaha. Walinipiga wote, wakanifukuza ukumbini, mlangoni, mpaka nje, nikatumbukia kwenye theluji bila viatu, wakafunga mlango. Nilisimama pale. Nilisikia wanacheka ndani. Miguu iliniuma, kisha ikaacha kuuma, na hiyo ndiyo mbaya zaidi. Nikajiambia, hivi ndivyo mtu anavyokuwa akiwa nje ya nyumba aliyoizoea. Halafu mlango ukafunguliwa, mzee akachungulia, akasema chakula kinapoa. Binti yake alicheka akasema tangu azaliwe hajaona zimwi likirudishwa ndani.

Baada ya chakula kila mtu anakula punje za soya kwa hesabu ya miaka yake, na moja juu, ya mwaka unaokuja. Mzee alikula sabini na moja akalalamika tumbo. Wakaniuliza mimi nina miaka mingapi. Pasipoti inasema thelathini na nne, tarehe mosi Januari, lakini hayo ni maneno ya karani wa Bariadi aliyekuwa na haraka ya kwenda kula. Jina langu, Mabula, linasema mvua tu, halisemi ya mwaka gani. Mayu husema ni ile mvua iliyochukua daraja. Wewe ulikuwa ukisema si hiyo, ni iliyoifuata, na kwamba wewe ndiye uliyemfuata mkunga ukivuka maji yanayofika kifuani. Nikala thelathini na nne kwa kubahatisha. Mwaka wangu wa kweli unao wewe peke yako.

Kuhusu pikapu, sitakudanganya. Mpaka leo naona ingetufaa. Lakini mifugo ilikuwa yako, na ugoko ulikuwa wako. Nimekosa, Baba. Naomba radhi. Ile fimbo Mayu aliiokota akaichomeka kwenye paa, Minza aliniandikia. Naomba isichomwe wala asipewe mtu. Nikirudi nitaichomoa mwenyewe nikukabidhi mkononi.

Nisalimie Mayu, na mwambie shuka aliyonipa ndiyo ninayoanza nayo kabla ya mablanketi yao manne. Msalimie shangazi wa Nyashimo muuza dagaa, na mjomba wa Shishiyu mwenye maksai, na jirani yetu mwinjilisti anayetuazima plau na kusahau kuidai. Wakiniulizia, waambieni baridi imenifunza adabu.

Sasa la mwisho. Ile punje ya juu, ya mwaka unaokuja, sikuitupa wala sikuila. Imo humu kwenye bahasha, nimeifunga kwenye karatasi nyeupe, ni ya kwako. Mayu asihangaike kuipanda, imekaangwa, haitaota. Kama meno hayaiwezi, isagwe. Ukiitafuna, Minza aniandikie tu kwamba umeitafuna, nami nikishuka kwenye basi Bariadi nitaunganisha moja kwa moja nyumbani. Usipoitafuna, naye aniandikie pia, nishukie Maswa, nibaki kiwandani.

Ni mimi mwanao, ukikubali,

Mabula