Kuku wa Dona Ermelinda

Yeoville, Johannesburg, Jumapili 10 Machi 2024

Arlène mwanangu,

Jambo sana. Unaamka vizuri huko Lisbon? Baridi imepungua? Sisi tuko, tunashukuru Mungu, ila maji hayajatoka bombani siku ya nne na miguu imevimba kwa cherehani. Nakuandikia badala ya kukutumia sauti, maana humu dukani kwa shemeji Octave hata kikohozi changu kina wasikilizaji.

Leo nilipanda teksi mbili hadi Rosettenville kumwona Dona Ermelinda kwenye nyumba ya wazee. Ana miaka tisini na moja, macho yamekwisha. Alinishika mkono akauliza, "Pascasie, kuku wangu bado wako ukutani?" Muuguzi akacheka, eti bibi amechanganyikiwa. Hajachanganyikiwa hata kidogo. Anasema zamani, kabla hawajahamia huku, alichora kuku wa vigae kiwandani Lisbon, na mumewe akatia sahihi yake. "Nataka kusikia jina langu mara moja kabla sijafa," ananiambia.

Wewe unalinda chumba kwenye makumbusho ya vigae, na Kireno chako ni yeye aliyekufundisha nilipokuwa nafanya kazi nyumbani kwake. Niangalizie, mama.

Mama yako

Lisbon, 24 Machi 2024

Mama mpenzi,

Salamu nyingi. Pole na miguu, iloweke kwenye maji ya chumvi, maji yakipatikana. Mimi mzima, nimechoka tu. Kulinda chumba ni kukaa kwenye kiti kwa saa nane na kukataza watu wasiguse.

Mama, hao kuku natazamana nao tangu Januari! Wako kumi na wawili, kila mmoja na kishungi chake, wanadonoa kati ya maua ya bluu. Kibao pembeni kinasema: "Adelino Frazão, 1963." Bibi hayumo hata kwa herufi moja. Nilimuuliza mkuu wetu, Senhora Graça. "Mke wake? Nasikia alipenda kushona." Halafu akaniona uso, akaeleza. Walikuwa wanachora kwanza kwenye karatasi, wanatoboa mistari kwa sindano, kisha wanapitisha vumbi la mkaa ili mchoro ushuke kwenye kigae. Karatasi za kuku hazijawahi kuonekana. Zingekuwepo, zenye mwandiko wake, kibao kingebadilishwa. Bila karatasi, hapana.

Bibi hakubaki nazo?

Binti yako

Yeoville, 2 Aprili 2024

Arlène,

Jambo. Leo salamu ni fupi, unisamehe.

Mficha uchi hazai, basi nakwambia. Karatasi alinipa mimi. Unakumbuka lile sanduku la bati alilonipa nilipoacha kazi kwake nikaingia kushona? Lilijaa karatasi ngumu za kahawia zenye vitundu vidogo vidogo. Mimi fundi nguo, niliona vitundu nikajua ni alama za lile gurudumu letu lenye meno, tunalopitisha kwenye karatasi kuhamishia mshono kwenye kitambaa. Nikadhani ni vielelezo vya magauni ya kizungu ya zamani. Naye akasema, "Chukua, Adelino amekufa, hakuna atakayeziuliza."

Nikazikata, mwanangu. Miaka tisa nazikata. Vielelezo vya mikono, kola, viuno. Wake za wachungaji wa Yeoville nzima wamevaa magauni yaliyotoka kwenye kuku wa Dona Ermelinda. Naona aibu mpaka mkasi unanishinda kushika.

Mama yako

Lisbon, 5 Aprili 2024

Mama,

Jambo, na pole tena. Usilie. Hukujua, na aliyekupa hakukwambia. Karatasi iliyokatwa bado ni karatasi. Kusanya kila kipande chenye vitundu, tafuta mwandiko. Hata kimoja tu kinatosha.

Binti yako

Yeoville, 28 Aprili 2024

Arlène mwanangu,

Jambo, habari ya siku mingi? Natumaini unakula, si mkate tu. Mimi nipo hivyo hivyo.

Nimepata vipande kumi na saba. Vingi vilikuwa chini ya kitanda changu. Kile kikubwa, cha kola ya gauni la harusi, kilikuwa kimetundikwa kwenye msumari dukani. Gauni lile unalijua: nimelibuni mimi, lebo inasema "Octave", wateja wanampongeza yeye. Aliponiona nakishusha akafoka, "Shemeji, hiyo ni mali ya duka!" Eish! Miaka yote nimenyamaza kwa sababu ni mdogo wa marehemu baba yako. Siku hiyo nikamwambia, "Karatasi ni yangu, kuku ni wa Ermelinda, kola niliikata mimi. Wewe una msumari." Wateja wawili walisikia. Tangu hapo hanisalimu.

Nyuma ya kola kuna mwandiko wa wino: Ermelinda Pinho, 1958. Pinho ni jina la kwao. Adelino alikuja kuajiriwa kiwandani mwaka uliofuata, ndipo wakajuana.

Nimeviunga vipande kwa uzi mweupe, kila kuku mahali pake. Parfait wa kwaya anasafiri Alhamisi, atapitia Lisbon. Nilimwambia Dona Ermelinda nilichofanya, nikangoja laana. Alicheka hadi akakohoa, akauliza, "Kuku yupi amekuwa kola?" Waambie wafanye upesi. Amekonda sana.

Mama yako

Lisbon, 30 Juni 2024

Mama mpenzi,

Salamu kwako na kwa bibi. Nisamehe kwa kukaa kimya, nilikuwa nangoja nikuletee la maana.

Parfait alifikisha mzigo salama. Senhora Graça aliweka vipande vyako juu ya kuku wa ukutani, vitundu vikafuata mstari kwa mstari. Alikaa chini kwenye kiti changu. Lakini tangu siku hiyo ni kikao juu ya kikao. Mzee mmoja akasema labda mume alichora, mke akanakili. Mama, hawakuwa hata wamejuana! Sasa wamekubali, ila kibao kipya ni Septemba. Nimewaambia ana miaka tisini na moja. Wanatikisa vichwa kwa huruma, wanarudi kwenye kahawa yao.

Binti yako

Yeoville, 19 Agosti 2024

Arlène,

Jambo. Tumemzika Dona Ermelinda leo. Tulikuwa watu sita na padri.

Mwezi jana nilimwambia wamekubali. Akauliza, "Wameandika?" Nikasema bado, sikuweza kumdanganya. Akageukia ukuta, akaniambia niende nisije nikakosa teksi.

Nimechoka, mwanangu. Nimechoka kweli.

Mama yako

Lisbon, 22 Septemba 2024

Mama mpenzi,

Jambo. Umeshapata usingizi kidogo?

Kibao kimebadilishwa Ijumaa: "Ermelinda Pinho, mchoro wa 1958." Kabla wageni hawajaingia nilikisoma kwa sauti mara tatu, kwa ajili yake. Nililia, nakiri.

Chini yake wameweka vipande vyako ndani ya kioo, na uzi wako mweupe, na yale uliyoandika kwa penseli: "kola, mbele, gauni la Mama Benita." Navyo vina kibao. Kinasema: "Vilikatwa na fundi asiyejulikana, Johannesburg." Senhora Graça anajua ni wewe. Nilipomuuliza akasema jina la fundi nguo lina kazi gani hapa, maonyesho ni ya Ermelinda. Wageni wakubwa walikuwepo, Mama. Nikarudi kukaa kwenye kiti changu. Unisamehe.

Binti yako

Yeoville, 25 Septemba 2024

Arlène mwanangu,

Jambo sana. Umeamkaje? Mimi sijambo, na miguu leo imenihurumia. Asante kwa kumsomea. Jumapili nitaenda kaburini nimweleze.

Sasa sikiliza. Usiombe msamaha, inuka kwenye kiti. Mwambie huyo mama kwamba fundi anajulikana. Wewe unanijua, Octave ananijua, marehemu alinijua. Ermelinda walimngoja mpaka afe ndipo wakamwandika. Mimi bado niko hai, na sina mpango wa kufa kwa ajili ya kibao. Waandike sasa.

Huku nami nimeanza. Asubuhi hii gauni la harusi limetoka dukani bila lebo ya Octave. Ndani ya kola, pale panapogusa shingo, nimetarizi majina mawili, la Ermelinda na langu. Octave akauliza hayo ni maandishi gani. Nikamwambia asome.

Mama yako,
Pascasie Ndayizeye