Samaki Ndani ya Udongo Mkavu

Mjukuu wangu Neema,

Marahaba. Hapa Buhongwa tu wazima, na shangazi yako amejifungua mtoto wa kike.

Umeniuliza kama kweli samaki huishi bila maji. Mimi nilimwona mmoja.

Kiwanda alichofanyia kazi babu yako kilipouzwa, naye akaachishwa, tulikwenda kuchimba udongo wa matofali kwenye bwawa lililokauka. Jembe lake likapasua bonge gumu. Ndani alikuwa amejikunja samaki aitwaye kamongo, amefunikwa utando mkavu kama karatasi.

"Amekufa," nikasema.

"Ngoja kwanza," akajibu, akamtia kwenye beseni la maji ya kukandia udongo.

Tulichuchumaa kando ya beseni. Baadaye kamongo akajinyoosha, akainua mdomo, akavuta hewa kama mtu! Babu yako akamchukua mpaka ziwani, akamwachia.

Tangu hapo, nikipita kwenye bwawa lililokauka, nakanyaga taratibu.

Bibi yako akupendaye