Meno ya Kadzo Hayakung'olewa

Muyeye, Malindi
Jumapili, baada ya alasiri

Mamangu mpenzi,

Shikamoo, na shikamoo nyingine kwa kila wiki niliyonyamaza. Goti lako la kushoto lasemaje? Na Kaka Shee, anakula? Anatoka barazani siku hizi, au bado akisikia wageni hujifungia chumba cha nyuma? Mimi ni mzima, na leo nina furaha ya mtu aliyetoka kugombana akashinda. Zuhura mdogo wangu, wewe unayemsomea Mama, soma yote. Usiruke pale ninapofoka, wala usipunguze sauti.

Mama, unajua nafanya kazi ya meno katika zahanati ya Daktari Nassir, huu mwaka wa kumi na moja. Daktari ana mkono mwepesi wa kung'oa na sikio zito la kusikiliza. Kabla ya mvua za masika, mkulima mmoja wa Magarini, Bi Sidi, alimleta binti yake Kadzo, mwanamke wa miaka thelathini hivi. Kadzo husikia sauti za watu wasiokuwapo. Dawa za kliniki ya akili zilikuwa zimemtuliza miaka miwili, analima, anaimba kanisani kwao. Lakini meno yake yalikuwa yakioza moja baada ya moja, pale yanapokutana na ufizi. Daktari alimchungulia kinywa wima wima, kama achunguliaye kisima, akaandika kwenye kadi: yang'olewe yote.

"Yote, Daktari?" nikamuuliza.

"Bi Rukia, hawa hawapigi mswaki. Nikiziba leo, kesho yameoza. Na akikuuma kidole?"

"Tangu nianze kazi hapa nimeumwa mara mbili. Mmoja alikuwa mwalimu mkuu, wa pili shemeji yako. Wote wana akili timamu, na wote uliwaziba."

Watu wa foleni wakacheka, hao hao waliomwachia Kadzo benchi zima peke yake. Daktari akasema hapa si hospitali ya vichaa. Nikamwambia anipe kadi ile na miezi mitatu, na nikishindwa nitamshikia koleo mwenyewe. Akanitupia kadi. "Haya, tutaona."

Neno lile "yote" nalijua, Mama. Ndilo waliloliandika kwa Shee kule hospitali ya akili mjini, akiwa na miaka ishirini na sita, wakamfunga mikono na kumng'oa meno thelathini kwa siku moja ili asiume wauguzi. Wewe ukatia dole gumba kwenye karatasi kwa sababu uliambiwa ndiyo dawa. Umelibeba dole hilo miaka yote hii. Ndiyo maana naandika. Endelea kusikiliza.

Nilipomkalisha Kadzo kitini nikatia kioo kidogo mdomoni, na kioo kikaganda shavuni. Hamna mate! Kinywa kikavu kama ukuta wa chokaa. Si kila anayeoza meno ni mchafu, Mama. Dawa nyingi za akili hukausha mate, na mate ndiyo yanayoyaosha na kuyalinda meno mchana kutwa. Hili limo katika vitabu tulivyosomeshwa. Lakini sisi watu wa meno tunajifanya kinywa kimetundikwa hewani, hakina mwenyewe, na mwenyewe hana kichwa. Mtu mwenye huzuni nzito inayomkosesha nguvu hata ya kuoga, tunamkaripia kwa mswaki. Mwenye hofu ya kiti hiki tunamwita mtoto. Anayemeza dawa hatumwulizi dawa gani. Kisha tunashika koleo na kujiita wataalamu!

Nikamwuliza Bi Sidi, "Mdomo ukimkauka, hufanya nini?"

Akafungua pindo la leso. Mabuyu, Mama! Yale mekundu ya sukari na iliki. "Nampa anyonye apate mate," akasema. "Tangu asubuhi hadi alale. Mie mwenyewe nayapika, siyanunui. Na nilipoona meno yanaliwa nikajua ni zile dawa zinamla, nikazificha darini. Wiki ya tatu sasa hamezi."

"Na sauti?"

Akainama. Kadzo ndiye aliyejibu. "Zimerudi. Zinasema utaning'oa ulimi."

"Ziambie mimi ni mtu wa meno tu. Ulimi unao mwenyewe, na mimi wangu wanitosha."

Akanitazama sana, kisha akacheka, na ile hofu ikalegea kidogo mabegani mwake.

Sikumfokea Bi Sidi. Ungeniona ungeshangaa, mimi niliyemfokea kila mtu kuanzia pwani hadi bara. Mapenzi ndiyo yaliyompikisha mabuyu yale. Nilimwambia hakukosea kuona kwamba mdomo umekauka, alikosea alichoutilia. Nikampigia simu muuguzi wa kliniki ya akili, nao wakampokea Kadzo siku ile ile, wakamrudishia dawa kwa kipimo walichokichagua wao. Badala ya mabuyu, chupa ya maji ya kunywa kidogo kidogo, chingamu isiyo na sukari, na dawa ya meno kali niliyompimia mimi.

Kisha kazi. Kadzo alikuja kila Jumatano asubuhi kabla ya foleni. Mlango wazi, mama yake mbele ya macho yake, na mapatano: akiinua mkono, naweka chini kila kitu. Siku ya kwanza aliinua mara kumi na nne. Daktari akapita, akaguna, "Bi Rukia, hapo utamaliza uzeeni." Kadzo akatoa pamba mdomoni, akamwambia, "Mwache, Daktari. Wewe una haraka ya nini na meno yangu?" Nilitaka kumkumbatia palepale.

Zipo Jumatano mbili hakuja, na nikadhani nimeshindwa. Ya tatu nikamkuta ameketi mlangoni kabla sijafika mwenyewe. Tukang'oa mawili ambayo hayakuwa na la kufanywa. Mengine yote tuliyaziba.

Sasa nikwambie juzi. Kadzo aliingia zahanati mchana, foleni imejaa, mkononi ana hindi la kuchoma la shamba lake mwenyewe. Akaenda moja kwa moja kwa Daktari Nassir, akasimama mbele yake, akaling'ata. Mkwaruzo wa punje ulisikika hadi dirisha la dawa. Akatafuna, akameza, akang'ata tena, hana haraka. Alipomaliza akamkabidhi Daktari gunzi, akasema, "Shikamoo."

Daktari akabaki na gunzi mkononi! Mama, huu mwaka wa kumi na moja nasubiri kuiona sura ile. Jana asubuhi nikakuta kadi zote mpya zimeongezwa mstari juu kabisa, kwa mwandiko wake: Mgonjwa anatumia dawa gani? Na jioni akanivuta kando, sauti ya chini. "Bi Rukia, na mtu anayesaga meno usingizini kwa mawazo?" Nikamtazama kinywani. Magego yamelika yakawa bapa. "Keti kitini, Daktari," nikamwambia. "Na ukitaka nisimame, inua mkono."

Mama, mwezi ujao nakuja mwenyewe huko Faza kumchukua Shee. Nimekwisha kusema na Daktari, naye amekubali nimtengenezee meno ya bandia hapa. Sikudanganyi: taya lake linachezacheza kwa zile dawa za miaka mingi, na meno yatachukua muda kukaa. Nitaonana kwanza na kliniki yake. Unaniambia watu watamcheka. Wacheke mbele yangu. Na lile dole gumba, Mama, lifute. Ulidanganywa na waliosoma. Mimi niliyesoma nimekuja kulipa.

Nisalimie Zuhura msomaji wangu, shemeji Bakari fundi wa mashua, shangazi Mwana Esha mwenye duka, na mjomba Famau anayedhani kila ugonjwa ni jini; mwambie Kadzo ana meno zaidi yake.

Bi Sidi ameniletea kapu la mahindi. Nimechagua hindi moja gumu, nimelitundika jikoni likauke. Ni la Shee. Wiki ya kwanza tutamsagia. Ya pili tutampukuchulia na kumchemshia punje laini. Siku atakayolishika hindi la kuchoma kwa mikono miwili, nataka uwe umekuja huku, umeketi mbele yake, Mama, usikie mkwaruzo.

Mwanao mwenye domo,
Rukia