Mshumaa wa Kaburi la Bibi

Kraków, Novemba 2

Dada Ludmiła mpendwa,

Tumefika salama, ingawa mvua imetulowesha mpaka ndani ya mabegi ya mgongoni. Kuba, yule rafiki wa Wiktor, ana malengelenge miguuni na analalamika katika kila kichochoro. Mji wa kale ni mzuri kama ulivyosema.

Jana, sikukuu ya Watakatifu Wote, nilikwenda makaburini peke yangu. Niliwasha kwenye kaburi la Bibi ule mshumaa ulionipa, wa kioo chekundu chenye ufa. Makaburi yote yalikuwa yanawaka mishumaa. Nililia kidogo, nikaondoka.

Jioni nikaukuta mshumaa huohuo kwenye meza yetu ya hosteli, katikati ya chupa za bia. Wiktor alikuwa amepita makaburini na Kuba, akaubeba.

"Taa ya meza imeungua, mpenzi," akasema. "Kwani bibi yako anasoma gazeti kule chini?"

Kuba akacheka mpaka bia ikamtoka puani.

"Ulijua ni wa nani?" nikamuuliza Wiktor.

"Si jina limeandikwa kaburini? Nikasema huyu ni wetu, hatatushtaki."

Alijua, dada! Leo asubuhi nimeurudisha, na pete yake ya uchumba nimemwachia juu ya begi lake. Narudi nyumbani peke yangu.

Mwambie Mama asibishane nami. Mkesha wa Krismasi ataweka mezani sahani ya ziada ya mgeni asiyetarajiwa, kama kila mwaka. Wiktor akibisha hodi, mpeni hiyo. Ya mkwe hana tena.

Mdogo wako,
Jagna