Funda la Uji Juu ya Mpaka

Alhamisi, Paya. Manyunyu tangu alfajiri, yale yasiyomlowesha mtu ila yanamlegeza tu. Mwamba wa Tororo umejivutia ukungu mpaka kichwani kama mzee asiyetaka wageni. Nimekaa barazani, naandika kwenye simu kwa kidole gumba kimoja. Kingine bado kina uji.

Leo nimeshindwa kesi kwa uongo wangu mwenyewe.

Niungame polepole. Athieno, binti wa dada yangu, ni profesa wa sheria huko Kampala. Enzi za uanafunzi wake alikuja hapa na daftari, akauliza zamani watu wakigombea mpaka wa shamba waliamuaje. Mimi shule niliiacha darasa la tano, na jibu sikuwa nalo. Lakini mtoto katoka mbali, na daftari liko wazi. Nikamwambia: wagombanao hukalishwa juu ya mpaka, uso kwa uso, kila mmoja na funda la uji wa wimbi mdomoni. Atakayecheka kwanza ndiye mwongo. Mwenye ardhi hana la kucheka.

Nilitaka kumwambia ni mzaha, ila alikuwa anaandika kwa hati nzuri mno.

Funda lile likamfikisha mbali. Akatoa kitabu, akaitwa daktari bila kumchoma mtu sindano, akafundisha watu ambao leo ni mahakimu. Mimi nikilala mchana nilikuwa naota uji unatiririka barabara ya Busia, unavuka mpaka bila kuulizwa kitambulisho, na watu wa majoho meusi wanaukimbilia na vikombe.

Wazee wa ukoo nao walisomewa kitabu, wakaanza kuifuata desturi, kisha wakasahau kwamba hawakuirithi.

Mwezi ujao Athieno anastaafu. Hotuba yake ya mwisho ni juu ya uji huo, na hajawahi kuuona ukifanya kazi. Leo kaja kutazama.

Na kesi ilikuwa yangu. Jirani yangu Owori anadai nimesogeza mti wa mpaka hatua tatu. Nilisogeza mbili.

Tukakalishwa, mashavu yamejaa. Owori alinikodolea macho kama mbuzi aliyeona mgeni. Nikastahimili. Kisha nikamwona Athieno pembeni, mvi kichwani, daftari wazi vilevile, na nikahisi kazi yake yote ya maisha imekaa mdomoni mwangu, ya moto.

Nikacheka. Uji wote ukaishia kwenye shati la Owori.

"Umeanguka, mzee," akasema akijifuta. "Hata ng'ombe wangu wanajua kufunga mdomo."

Athieno akanisogelea. "Mjomba, desturi hii ilianza lini hasa?"

Ningeweza kumsingizia babu. Babu amekufa, habishi.

"Ilianza uliponiuliza," nikasema. "Nilikudanganya, mwanangu."

Kalamu ikasimama. Aliwatazama wazee wakipima hatua. Akamtazama Owori, ambaye juzi alinijia na panga, sasa anakung'uta shati na kumchokoza mke wangu amwongezee uji. Alitazama mpaka nikatamani anitukane.

"Hotuba niliyoandika imekufa," akasema hatimaye. "Nitawaambia ukweli wote. Na wewe utakaa mstari wa mbele."

"Kama mshtakiwa?"

"Kama Bunge, Mjomba."

Alisema hivyo, lakini hakucheka. Aliondoka na gari lake kwenye manyunyu, na mimi nimebaki naiwaza ile kalamu iliyosimama. Miaka yote hii alinipenda kwa sababu ya jibu nililolitoa hewani. Je, atanipenda kwa hili la kweli?

Wazee walinisikia nikikiri. Wakasema uongo ni wa zamani, kicheko ni cha leo, na hatua tatu zimekwenda. Nimewakumbusha ni mbili. Hawataki kusikia.

Kukicha nakwenda kuung'oa ule mti kwa mikono yangu na kuupanda wanaposema wao. Sheria nimeitunga mimi. Nisipoitii, Athieno atawaambia nini?