Memori ya Kumweka Mama

Dar es Salaam, 3 Machi 1998

Baba, shikamoo. Mimi mzima, homa imekwisha. Mguu wako unaendeleaje?

Baba, barua yako nimeisoma mara tatu! Wewe uliyekataa hata kalkuleta kwenye studio yako ya picha, leo unataka kompyuta ya kutengeneza picha? Hapa kwenye duka la kompyuta ninapofanya kazi, wenzangu walicheka, kisha wakaanza kubishana. Fungu lako la pesa linatosha kimoja: prosesa mpya, ile inayofanya hesabu za mashine, yenye kasi ya ajabu lakini na memori ndogo ya megabaiti kumi na sita, au prosesa ya mwaka jana na memori sitini na nne. Wote tunasema chukua yenye kasi. Ndiyo inayotamba mjini! Nijibu upesi.

Mwanao,
Sabina

Igoma, Mwanza, 14 Machi 1998

Mwanangu Sabina, marahaba. Mguu umetulia. Mvua imetufanya tope tupu, ila wateja wanakuja hivyohivyo.

Nimemuuliza Mwalimu Ngosha hiyo memori ni kitu gani. Anasema ndipo picha inapotandazwa wakati unaifanyia kazi. Sasa mnabishana nini? Miaka thelathini nasafisha picha kwenye chumba cha giza. Trei ya dawa ikiwa ndogo, hata uwe na mikono ya haraka namna gani, picha kubwa itajikunja tu! Nyie watu wa Dar na haraka zenu. Nichukulie memori.

Na sababu yangu nikwambie, usicheke. Nimepiga picha za harusi kutoka hapa mpaka Misungwi, lakini mimi na marehemu mama yako hatuna hata moja ya pamoja. Kila mara nilikuwa nyuma ya kamera, hata siku yetu ya ndoa. Inaniuma, mwanangu. Nataka nikae naye kwenye picha moja kabla macho yangu hayajachoka.

Baba yako,
Machibya

Dar es Salaam, 20 Juni 1998

Baba, shikamoo. U mzima kweli? Mzigo ulipanda treni Aprili, na tangu hapo kimya. Wenzangu wananitania kwamba nimekuuzia konokono. Mimi nawaza kuhusu Mama. Kama mashine imekushinda, niambie, nitaomba ruhusa nije.

Mwanao,
Sabina

Igoma, 2 Julai 1998

Mwanangu, marahaba sana! Inafanya kazi!

Nilikaa kimya kwa aibu. Kila nikiwasha, baada ya nusu saa inazimika. Nikaona nimekula hasara. Kumbe niliifunika kitambaa cheusi cha chumba cha giza, mwanga usije ukaunguza picha! Ngosha alipokifunua, joto lilimpiga usoni, akacheka mpaka akakaa chini. Tangu siku hiyo haijazimika, na picha kubwa inatandazika yote bila kugoma. Waambie hao wenzako.

Mama yako nimemtoa kwenye ile picha ya gauni la maua, ana miaka ishirini na sita. Yangu ya ujana sina, ikabidi nijipige ya sasa, na mvi zangu zote. Nimetukalisha benchi moja. Bwana Pradip, mwenye duka la uchapaji kule mjini, ndiye aliyeniingizia picha zote mbili kwenye kompyuta na kunichapia; nakala yako hii hapa.

Jana Tereza muuza vitenge aliiona ukutani, akauliza, "Huyu ndiye Sabina wa Dar?"

Nikamwambia, "Huyu ni mke wangu." Neno hilo nililisema kwa sauti, Sabina. Miaka tisa, tangu atutoke, sikuwa nimelitamka.

Baba yako,
Machibya